Bima Isiyorudisha Pesa

Daftari la welfare yetu, chama chetu cha kuchangiana msibani, lina kurasa mbili kwa kila msiba. Ukurasa wa kushoto naandika pesa zilizoingia, wa kulia zilizotoka. Mimi ndiye mweka hazina, mwaka wa sita sasa, na ukurasa wa kulia naujua kwa moyo: mochari, jeneza, gari la kubeba mwili kutoka Kisumu hadi kijijini, hema na viti, mchele, ng'ombe, soda, vipaza sauti, programu ya ibada yenye picha ya rangi. Chini yake napiga mstari na kuandika salio, ambalo kwa kawaida ni shilingi mia kadhaa. Mwenyekiti anasaini. Ukifungua ukurasa unaofuata, tayari ni msiba wa mtu mwingine.

Hakuna ukurasa wa Januari. Mjane akinijia wakati wa karo, na wamekuja wawili tangu nishike hilo daftari, namwonyesha katiba. Katiba yetu inasema "kumzika mwanachama kwa heshima". Ikishamzika, imemaliza kazi.

Husemwa kwamba Wakenya hawapendi bima, na ushahidi unaotolewa ni kwamba malipo yote ya bima nchini ni kama asilimia 2 na kitu tu ya pato la taifa. Anayesema hivyo mimi humuuliza kama amehesabu welfare. Hapa Kisumu mtu mmoja anaweza kuwa katika welfare ya kazini, ya kanisani, ya ukoo, ya waliosoma pamoja na ya wapangaji wa ploti moja, na zote humdai mia mbili au mia tano kila mtu anapofariki. Ni hivyo hivyo Kakamega na Bungoma, na hata Nakuru kwa wale waliohamia huko na kubeba desturi zao. Hiyo ni bima, tena watu hulipa bila kusukumwa na ajenti yeyote. Kasoro iko katika kitu tulichokikatia. Mazishi yana kava kamili, yaani kinga ya bima. Miaka ishirini inayofuata mazishi tumemwachia shemeji na Mungu.

Kwa miaka hiyo ishirini ipo bima yake, na ndiyo rahisi kueleweka kuliko zote dukani. Unalipa kiasi fulani kila mwaka kwa muda uliouchagua, tuseme miaka 10, 15 au 20. Ukifa ndani ya muda huo, uliowaandika wanalipwa kiasi mlichopatana. Muda ukiisha ungali hai, mkataba umekwisha na hakuna anayemdai mwenzake. Wataalamu huiita bima ya maisha ya muda. Mimi naiita bima isiyorudisha pesa, kwa sababu hapo ndipo inapouawa kwenye mazungumzo.

Mwaka jana niliketi na ajenti kwenye hoteli moja karibu na soko la Kibuye. Kijana nadhifu, tai imekaa sawa, laptopu ameiweka kando ya sahani ya samaki. Nilimwambia nataka bima ya muda, miaka kumi na tano. Alinitazama kama mtu aliyeagiza ugali bila mboga. "Mwalimu," akasema, "hiyo usipokufa pesa yako imeenda. Chukua hii nyingine. Ukifa wanalipwa, usipokufa unalipwa." Akageuza laptopu nione. Kulikuwa na jedwali refu, na kule chini kabisa, mwaka wa kumi na tano, namba nene ya kijani.

Ile namba ya kijani nilikuwa naijua. Mwaka 2013 nilitia saini karatasi kama hiyo, iliyopambwa kwa jina la elimu ya watoto, katika kampuni ambayo sitaitaja. Nililipa miezi kumi na tisa. Kisha mdogo wangu akaitwa chuo, baba akalazwa, na nikaacha. Nilipokwenda kuuliza pesa zangu nikaelezwa kwa upole, na kikombe cha chai juu, kwamba mkataba wangu haukuwa umefikisha muda wa kuwa na thamani ya kurejeshwa. Miezi kumi na tisa, sifuri. Kwa hiyo bima ya "usipokufa unalipwa" ilinila pesa nikiwa hai na mzima, na siku ile ile niliyoacha kulipa familia yangu haikuwa na kava yoyote.

Sisemi hii bima inayorudisha pesa, bima ya akiba, ni wizi. Mtu mwenye mshahara usiotikisika, anayekatwa kwenye pesilipu kabla hajaiona hela, anaweza kufika mwisho na kuchukua chake. Lakini tufanye hesabu, kwa sababu jedwali la ajenti lilikuwa na kila kitu isipokuwa hesabu hii. Namba ni za mfano, si bei ya kampuni yoyote.

Chukua watu 1,000 wenye umri wa miaka 35, na useme wanne kati yao hufa katika mwaka mmoja. Kila mmoja amekatiwa shilingi milioni 4. Mwaka huo zitahitajika milioni 16, na kila mmoja akitoa 16,000 familia nne zimelipwa. Ongeza gharama za ofisi na faida ya kampuni, iwe 20,000. Hiyo ndiyo bima ya muda katika mwaka wake wa kwanza. Wale 996 pesa zao zimeenda wapi? Zimekwenda kwa wajane wanne. Hazikupotea.

Sasa useme kila mmoja wa hao 1,000 anataka pia arudishiwe milioni 4 baada ya miaka 20. Hata pesa zake zikizaa asilimia 8 kila mwaka bila kukosa, lazima aweke kama 87,000 kwa mwaka kwa ajili ya akiba peke yake. Weka na sehemu ya vifo, weka gharama, unapita 100,000. Aliye na 20,000 tu za kutoa kwa mwaka, na ndio wengi wetu, akichagua ile inayorudisha atapata kava ya moja ya tano, yaani kama 800,000. Swali basi ni kama mama watoto ataachiwa milioni 4 au laki nane. Maneno "pesa yako inarudi" yanalificha swali hilo kabisa, na ajenti ana sababu ya kutolifichua: ujira wake ni asilimia ya malipo unayotoa, na asilimia ya 100,000 si sawa na asilimia ya 20,000. Simlaumu. Naye ana watoto.

Jambo la kushangaza ni kwamba huku kwetu hakuna mwenye matatu ya Kisumu–Busia anayelia mwisho wa mwaka kwamba gari lake halikugonga mtu na pesa za bima zikaenda bure. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimisha, analipa, anabandika stika kwenye kioo, anashukuru Mungu. Mwenye boda vile vile. Chombo tunakikatia bila kudai kurudishiwa. Dereva tunataka arudishiwe.

Nirudi kwenye welfare, maana nayo ina kasoro ambayo sisi waweka hazina huiona kabla ya wengine. Welfare huchangisha baada ya mtu kufa. Ikiwa changa ni tamu: wanachama arobaini, wote wana miaka thelathini na kitu, msiba mmoja au miwili kwa mwaka. Miaka kumi na tano baadaye wanachama ni wale wale, wamezeeka pamoja, wazazi wao wanafariki, wao wenyewe wameanza. Simu za kuchanga haziishi. Vijana wakitupa jicho kwenye daftari wanaona watalipia wazee, wanaanzisha welfare yao. Waliobaki wanachangishwa zaidi, wawili watatu wanaingia mitini, na chama kinakufa hasa wakati wanachama wake wanakaribia kukihitaji.

Mwaka 1744 wachungaji wawili wa Kanisa la Scotland, Robert Wallace na Alexander Webster, walikabiliana na jambo hilo hilo. Mchungaji akifa, nyumba ilikuwa ya kanisa na mshahara ulikatika, kwa hiyo mjane na watoto walitoka nje na virago vyao. Hao wawili hawakungoja mtu afe ndipo wapitishe kapu. Walihesabu kwanza: wachungaji ni wangapi, kwa kawaida hufa wangapi kwa mwaka, huacha wajane wangapi, na wajane wenyewe huishi kwa muda gani. Walikuwa na majedwali ya vifo yaliyochapishwa mwaka 1693 na Edmund Halley, yule mwanafalaki ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, na Colin Maclaurin, profesa wa hesabu kule Edinburgh, akawakagulia kazi yao. Kila mchungaji akawa analipa kila mwaka, afe mtu asife, na pesa zikakopeshwa zizae. Ni welfare ya kanisa, kama hizi zetu, ila wao walianzia Januari ya mjane na kurudi nyuma.

Basi ukate ya kiasi gani, na ya miaka mingapi? Hapa ndipo watu hukisia. Utasikia "milioni moja inatosha", kwa sababu milioni moja ni neno zuri. Fanya hivi. Mchukue mwalimu wa Kakamega mwenye miaka 36 na watoto watatu, kitinda mimba ana miaka 3. Nyumba yake inatumia 45,000 kwa mwezi, karo ndani. Mkewe anauza mitumba na huleta 15,000. Yeye mwenyewe chakula, nauli, viatu na mambo yake ni 10,000, ambazo hazitahitajika akiwa hayupo. Pengo ni 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Kitinda mimba atasimama mwenyewe akiwa na miaka 23 hivi, yaani miaka 20 kutoka sasa. 240,000 mara 20 ni milioni 4.8. Hiyo ndiyo kava yake, na muda wake ni miaka 20. Mazishi sikuyaweka. Yana wenyewe.

Utasema mfumuko wa bei utazila hizo milioni. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoipiga hesabu jioni moja nikisubiri stima irudi. Benki Kuu hulenga mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka, na ruhusa ya kupanda au kushuka kwa 2.5. Kwa asilimia 5, baada ya miaka 10 milioni 4.8 zitanunua vitu vya kama milioni 2.9 za leo. Lakini baada ya miaka 10 yule mwalimu ana miaka 10 tu ya pengo iliyobaki, yaani milioni 2.4. Baada ya miaka 15 kava imeshuka hadi thamani ya milioni 2.3, na pengo limebaki milioni 1.2. Bei zinapanda huku watoto wakikua, na watoto wanakua haraka zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa uongeze malipo ili kava ipande kila mwaka, pima kwanza kama unaihitaji. Mimi niliikataa. Na pesa zikishalipwa zisikae kwenye akaunti ya kawaida. Hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, sasa hununuliwa kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu, kuanzia shilingi 50,000, na riba yake ndiyo itakayopigana na bei kwa niaba ya mjane.

Asiye na mtu anayemtegemea haihitaji bima hii, hata ajenti amwite bosi mara ngapi. Mzee wa miaka 60 ambaye watoto wote wana kazi, vile vile. Wala usimkatie mtoto mchanga, maana hakuna anayekula jasho lake. Ila mama wa nyumbani, ambaye wengi humruka kwa kuwa "haleti pesa", akatiwe. Mwulize mwanamume yeyote aliyefiwa na mke akiwa na watoto wa shule ya chekechea gharama ya kila kitu ambacho mkewe alikuwa akifanya bure.

Kuna kava tatu ambazo watu huzihesabu kuwa ni hii, na si hii. Ya kwanza ni bima ya mkopo wa Sacco au benki. Ukifa, deni linafutwa. Ni jambo jema, lakini anayelipwa ni Sacco. Ya pili ni ya mwajiri, ambayo mara nyingi ni mishahara ya miaka miwili mitatu, nzuri sana mpaka siku unapoacha kazi au kazi inapokuacha. Pamoja nayo ipo sheria ya fidia ya ajali kazini ya 2007, ambayo inaweza kufikisha mapato ya miezi 96, ikiwa una mwajiri na umekufia kazini. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha barabara kwenye makutano ya Londiani, barabara ya Nakuru kwenda Kericho, likawapitia wachuuzi na abiria, na zaidi ya watu 50 wakafa. Mama aliyekuwa akiuza mboga pale hakuwa na mwajiri. Sheria ile ilimpita kando.

Ya tatu ndiyo ninayoichukia: kava za bei ya soda zinazouzwa kwa ujumbe wa simu, ambazo ukisoma hadi chini zinalipa kifo cha ajali tu. Barabara zetu zinaua, hilo halina ubishi, zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka nchini. Lakini wengi tunaowazika huku wamekufa kwa presha, sukari, saratani, malaria, uzazi. Soma neno moja tu kwenye hizo karatasi. Ikiwa limeandikwa "ajali", weka simu mfukoni.

Fomu ya maombi nayo ni mahali ambapo watu hujichimbia shimo. Utaulizwa magonjwa yako, ya wazazi wako, pombe, sigara, umewahi kulazwa lini. Ajenti mwenye haraka atakwambia, "Weka hapana, hapana, hapana, tumalize." Yeye atalipwa mwezi huu. Mkeo ataitwa miaka sita baadaye na kuonyeshwa rekodi ya hospitali inayosema ulikuwa na sukari kabla ya kutia saini, na mwandiko wako ukisema hukuwa nayo. Sema ukweli, hata ukikupandishia malipo. Bima ya bei ya chini isiyolipa ni ghali kuliko zote. Umri ndio kosa ambalo kwa kawaida husameheka, kwa maana kwamba kampuni hurekebisha kiasi badala ya kukataa kila kitu, na hilo ni afueni kwa kizazi cha wazee wetu waliozaliwa wote tarehe 1 Januari.

Kuhusu virusi vya UKIMWI nitasema waziwazi kwa sababu ya tunakoishi. Kisumu, Siaya na Homa Bay ni kati ya kaunti zenye maambukizi mengi zaidi nchini, na nimekutana na watu wazima, wanaokunywa dawa na wana afya kuliko mimi, walioamini kwamba mlango wa bima ya maisha umefungwa kwao. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na UKIMWI ya mwaka 2006 inasema huwezi kulazimishwa kupimwa au kutaja hali yako ili tu upate bima ya maisha, na inaitaka kampuni iweke kiwango cha kava ambacho chini yake haitakudai hayo. Ukitaka zaidi ya kiwango hicho, hapo inaweza kukutaka upimwe. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza ajenti ni moja: kiwango chenu cha kutopima ni shilingi ngapi? Akikosa jibu, mwambie aulize ofisini. Lakini angalia: kutolazimika kusema na kusema uongo ni vitu viwili tofauti. La pili bado litakugharimu.

Jinsi ya kulipa inaonekana jambo dogo, na ndipo kava nyingi zinapofia. Ukikosa malipo, mkataba hukupa siku chache za neema, mara nyingi mwezi mmoja, kisha unakatika. Kwa mwenye mshahara, makato ya pesilipu yanatosha. Lakini chukua mvuvi wa Dunga, kando ya ziwa hapa Kisumu, anayetegemea omena, wale dagaa wa ziwani. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena umefungwa kila mwaka. Ukimwandikia malipo ya kila mwezi, Mei anakosa, Juni kava imekatika, na Agosti akirudi ziwani usiku na taa zake hana bima. Mkulima wa miwa ndiyo kabisa, maana pesa za kiwanda huja zinapotaka. Hawa walipe mara moja kwa mwaka, mwezi ule wenye pesa. Ajenti asiyejua msimu wa omena hajui anamwuzia nani.

Kampuni je? Usidanganyike na jengo. Wenye umri wa kukumbuka wanaikumbuka Kenya National Assurance, kampuni ya serikali, iliyofungwa mwaka 1996 na kuwaacha walioiamini wakihangaika. Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kampuni na ajenti wote wawili wamo kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Upo mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni inapoanguka, lakini una kikomo, na kikomo hicho ni kidogo mno mbele ya milioni 4.8. Kisha uliza watu waliowahi kudai, wala usiulize walionunua. Kununua ni rahisi kila mahali. Mjane mmoja aliyelipwa, au aliyezungushwa, anajua mengi kuliko vitabu vyote vya matangazo. Mimi niliwauliza watatu, na kampuni niliyoichukua mwishowe si ile yenye tangazo zuri redioni.

Nimeacha mwisho mstari mmoja wa fomu, ule wa mnufaika, yaani atakayelipwa ukifa, kwa sababu ndio wenye maneno machache na madhara mengi. Kijana hukata bima akiwa na miaka 24, hajaoa, anaandika jina la mama yake. Anaoa, anazaa, anafika miaka 41, anafariki. Mama naye alishatangulia. Pesa sasa hazina mwenyewe, zinaingia kwenye mirathi: barua ya chifu, mahakama, tangazo kwenye Gazeti Rasmi na siku 30 za kungoja mapingamizi, kisha miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na hiyo ni ikiwa hakuna mjomba aliyepinga. Jina lililoandikwa sawasawa huiruka foleni yote hiyo. Na jina ni jina. "Mke wangu" si jina, hasa katika boma lenye wake wawili. Andika majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, na namba yake, na mgao wa kila mmoja kwa asilimia. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hatakabidhiwa pesa mkononi, kwa hiyo mtaje na mtu mzima wa kumshikia, na umchague mtu huyo ukiwa macho makavu.

Halafu uwaambie. Ni neno gumu. Ukimwambia mkeo umekata bima ya maisha, upande huu utaulizwa kama unajiitia kifo, na ukimwambia ndugu yako atakushauri ulale jicho moja wazi. Ndiyo maana wanaume hukata kimya kimya na kuficha karatasi vizuri kiasi kwamba hazipatikani tena. Bima ya maisha isiyodaiwa hatimaye hupelekwa kwa UFAA, mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Bado familia inaweza kuzidai huko, ikiwa inajua kwamba zipo.

Mimi nilimwambia mama watoto siku ya Jumapili baada ya kanisa, watoto wakiwa nje. Nilitarajia kilio au mzaha. Alichukua fomu, akavaa miwani, akasoma mstari wa mnufaika polepole kama anayekagua risiti ya duka. Akasema jina lake la pili limekosewa herufi moja. Akaleta kitambulisho, akaleta cheti cha ndoa, tukagundua kwamba hata hivyo viwili havilingani. Jumatatu hatukwenda kwa ajenti. Tulipanga foleni Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na bahasha ya kaki ikatulia magotini mwake mpaka saa saba.